Masika Tuliyomkumbuka Mzee Omari

8 Aprili

Mvua imeanza na mpangaji kafika, vyote siku moja. Sijui kati ya paa langu na huyu mzee ni nani atakayenitoa jasho kwanza.

Amekuja na bajaji, masanduku mawili na mwavuli mkubwa kama wa wauza vocha. Ana miaka themanini na minane. Mjerumani, jina lake Ottmar Fenske, na anasema kazi yake ni kuandika riwaya. Nilimpokea mlangoni kwa Kijerumani changu cha Leipzig, nilikosomea uuguzi enzi zile Ujerumani zikiwa mbili, na macho yakamlengalenga.

"Sista Tausi," akasema, "unaongea kama redio ya zamani."

Nimelichukua kama sifa.

Mama mkwe wangu, Bi Mwamvua, alikuwa barazani anachambua mchele. Akataka kujua jina la mgeni.

"Ottmar, mama."

"Omari?"

"Ottmar."

"Si ndiyo nilivyosema? Omari." Akamgeukia mwenyewe. "Karibu Makorora, Mzee Omari. Umekonda, lakini tutakunenepesha."

Kufika magharibi mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba kwa Tausi kafikia Mzungu Mwislamu.

9 Aprili

Mvua. Jirani yetu ustadhi kamletea Mzee Omari msala wa zawadi. Kashukuru sana, kautandika mezani kama kitambaa na kuweka kikombe cha kahawa juu yake. Nimeuondoa kabla mama hajaingia.

12 Aprili

Leo kanieleza kilichomleta, na mpaka sasa sijui nicheke au nimwambie afungashe.

Tulikuwa mezani, tunakula mihogo ya nazi. Nilimuuliza tu kama aliwahi kufika Tanga zamani, maana mjini wanasema kitabu chake kikubwa kinahusu Pongwe. Akaweka kijiko chini.

"Hilo ndilo tatizo langu," akasema. "Watu wote wanajua niliishi hapa. Isipokuwa mimi."

Kisha akaniambia maisha yake. Vita vilipoisha alikuwa na miaka minane. Walikimbia kutoka mashariki, yeye na mama yake, mkokoteni mmoja na jogoo mmoja. Jogoo alifika, baba yake hakufika. Akakua kwenye mji uliobaki vifusi, akaanza kuandika jikoni usiku mama akilala. Kitabu cha kwanza kilihusu vifusi. Wachapishaji wakakirudisha: Wajerumani wamechoka na vifusi vyao, wanataka mahali penye jua. Basi akaandika cha pili, habari za kijana wa Kijerumani aliyekuja kuwa msaidizi wa msimamizi kwenye shamba la mkonge, Pongwe, mwaka wa hamsini na saba. Mchapishaji akakipenda, akamwita chakula cha mchana, akamuuliza katikati ya supu: "Bila shaka uliishi huko?"

"Nikasema ndiyo," Mzee Omari akaniambia. "Mdomo ulikuwa umejaa supu. Lilikuwa neno fupi kuliko hapana."

Kitabu kikavuma. Kikaingia mashuleni. Vikafuata vingine kumi na saba, tuzo, wake watatu kwa zamu, na kila mwandishi wa habari aliyemhoji kwa miaka sitini alitaka habari za Tanga. Akazitoa. Ameugua malaria yetu magazetini mara nne, bila kuumwa hata na mbu wetu mmoja.

Sasa kuna profesa anaandika kitabu cha maisha yake, Dakta Heike, na anakuja katikati ya Mei na watu wa televisheni kumpiga picha "akirudi" Tanga.

"Kwa hiyo unataka nini kwangu?"

"Unifundishe Tanga kabla hawajafika."

"Yaani nikufundishe uongo, mzee mzima?"

"Hapana, Sista. Uongo ninao wa kutosha. Nifundishe ukweli kidogo, niuvike."

Nimemwambia nitafundisha jiografia tu. Kusema uongo sitasema, na siri nitaitunza kama nilivyotunza za wagonjwa. Akanibusu mkono. Mama akaona kupitia dirishani, na hilo nalo sasa lina kazi yake mtaani.

14 Aprili

Nimemaliza kitabu. Kinaitwa *Adhuhuri ya Pongwe*. Kimeandikwa vizuri hata nikajikuta nalia kwenye ukurasa ambao ni upuuzi mtupu.

Kwa mujibu wa Mzee Omari, ukisimama bandarini Tanga unaiona theluji ya Kilimanjaro. Ngamiani kuna ngamia; jina aliliona kwenye ramani, akalitafutia maana kwenye kamusi. Watu wote, mke kwa mume, wanasalimiana "Jambo, bwana." Na jua, mwanzo wa kitabu na mwisho wake, linazama baharini.

"Mzee," nikamwambia, "jua letu linatoka baharini. Linazama huku kwenye milima ya Usambara."

Akakichukua kitabu, akakifunga.

"Watoto wa shule wa Ujerumani wameandika insha kuhusu maana ya lile jua kwa miaka arobaini."

"Walifaulu?"

"Wengi."

"Basi usiwaambie."

15 Aprili

Nimempeleka pwani ya Raskazone alfajiri. Mawingu yalipasuka kidogo, jua likachomoza kutoka majini pale pale nilipomwambia. Alisema neno ambalo sikuwahi kulisikia tena tangu wodi ya wanaume kule Leipzig.

18 Aprili

Mvua mchana kutwa. Paa linavuja juu ya kabati. Mwanafunzi wangu bado anachanganya "mkonge" na "mkongwe". Alimwambia muuza vitumbua kwamba kaja Tanga kwa ajili ya mapenzi yake kwa wakongwe. Muuza vitumbua kamwambia mama.

24 Aprili

Pongwe, kwa bajaji, matope mpaka kwenye magurudumu. Sura ya tisa ya kitabu, kijana wake na binti wa meneja wanalala katikati ya mkonge, wanapendana mpaka nyota zitoke. Sikubishana naye. Nilimsimamisha mbele ya mmea wenyewe, nikamwambia akae. Ncha ya jani ikapita kwenye suruali kama sindano yangu.

"Sasa hapa watu hupendana wapi?" akauliza akijishika.

"Vitandani, Mzee. Kama kwenu."

Lakini naandika na hili pia, nisije nikasema nilimcheka tu. Alisimama kwenye mvua muda mrefu, akauliza jani linakatwaje, linafungwaje, mafungu yanabebwa na nani, begani au kichwani. Alikigusa kila kitu. Nikaanza kumpenda, namna unavyompenda mgonjwa anayemeza dawa bila kubembelezwa.

26 Aprili

Mvua. Mafua, yeye na mimi.

30 Aprili

Mama kaniita chumbani kwake, kafunga mlango.

"Tausi, mwanangu. Huyu Omari nimemkumbuka."

"Mama, huyu haja—" Nikauma ulimi. Siri ni siri.

"Alikuwa mwembamba, nywele nyeupe kama katani iliyoanikwa. Baba akiuza samaki gulioni Pongwe, yeye hupita. Akaniangalia. Na mimi nikamwangalia, lakini kwa heshima."

"Mwaka gani huo, mama?"

"Mwaka ule ule."

Nilimpelekea Mzee Omari habari hiyo ili tucheke. Hakucheka.

"Aliniangalia vipi?" akauliza.

"Mzee, hukuwepo!"

"Najua. Lakini aliniangalia vipi?"

4 Mei

Mwenyekiti wetu wa mtaa, Bwana Rahimu, kasikia kwamba televisheni ya Ujerumani inakuja kwa ajili ya mtu aliyeishi hapa zamani. Kaitisha kikao barazani kwake, kuepuka aibu ya mgeni kufika kutafuta marafiki zake wa ujana akakuta hakuna.

Nimekaa nyuma nikisikiliza. Wamemkumbuka wote. Mmoja alifundishwa naye kuogelea. Mwingine baba yake alimshonea suruali, na kipimo cha kiuno anacho kichwani. Rahimu mwenyewe kazaliwa mwaka wa Azimio la Arusha, lakini anaikumbuka vizuri baiskeli ya Mzee Omari.

"Ilikuwa ya kijani," akasema, na kikao kizima kikaitikia, "Ya kijani!"

Nilinyanyuka niseme kitu. Rahimu akadhani naomba kuchangia, akaniandika kwenye kamati ya chakula.

9 Mei

Mvua. Choo cha nje kimejaa maji. Sina zaidi ya kuandika.

11 Mei

Sasa naogopa. Leo kwenye chai Mzee Omari kaanza kunisimulia, kwa huzuni ya kweli, jinsi alivyoibiwa baiskeli yake Barabara ya Nane.

"Hukuwa na baiskeli," nikamwambia.

"Ya kijani," akanijibu.

Nikamkumbusha kwamba mimi ndiye pekee hapa anayejua. Akanitazama kama mtu aliyeamshwa. Kisha akasema kitu kilichonikaa: kwamba ameshapewa tuzo nyingi za uongo wake, lakini hajawahi kupewa baiskeli.

14 Mei

Dakta Heike kafika, na wapiga picha wawili. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mtaratibu, anasikiliza kwa macho. Kiswahili hajui, kwa hiyo mtafsiri ni mimi. Kaniuliza faraghani: "Ni kweli wanamkumbuka?" Nimemjibu kweli tupu: "Mpaka baiskeli."

16 Mei

Nimeoga, nimekunywa chai mbili, ndiyo kwanza nakaa kuandika.

Tulikwenda Pongwe asubuhi, magari matatu. Rahimu kavaa suti. Mama kapaka wanja na kavaa leso mpya yenye maneno *Subira yangu imenilipa*. Kamera zikawekwa mbele ya banda la zamani la mashine ya kusindika mkonge, wanaloliita korona. Mzee Omari akasimama katikati na mwavuli wake. Akaonyesha upande jua linakotokea bila kukosea, nikaona fahari kama mama wa mwanafunzi. Akasema "mkonge", sio "mkongwe". Mama akaingizwa, akamshika mkono, akasema mbele ya kamera, "Ulichelewa, lakini umekuja," na hata wapiga picha wakafuta macho.

Hapo ndipo akatokea mzee mmoja kutoka upande wa nyumba za zamani za vibarua. Koti jeusi la kanisani, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Nilimjua kwa sura, Mzee Yona, mzee wa kanisa la Kilutheri pale Pongwe. Akauliza kwa sauti ya kawaida:

"Huyu ndiye Mzungu aliyekuwa msaidizi wa msimamizi hapa, mwaka wa hamsini na saba?"

"Ndiye mwenyewe!" Rahimu akasema kwa kiburi.

"Ndiye!" kikasema kikosi kizima cha Makorora.

"Basi nina neno naye." Akaweka viatu chini, akamkabili Mzee Omari. "Kwa umri ungestahili shikamoo yangu. Utanisamehe, leo siitoi. Baba yangu alikuwa manamba. Alikuja kutoka Njombe kwa mkataba kukata mkonge wenu. Siku moja mafungu yake yalipungua. Wewe ulimpiga kofi, hapa hapa, mbele yangu, nikiwa na miaka tisa. Kofia yake ikaanguka, ukaikanyaga. Baba hakulizungumza jambo hilo mpaka anakufa. Ila tangu siku ile hakuvaa kofia tena, jua kali namna gani. Nilitaka kukuuliza: kwa nini?"

Kamera ilikuwa inakwenda. Dakta Heike akanigeukia. "Amesema nini?"

Wallahi, ningeweza. Ningesema, mzee anamkaribisha. Rahimu angeunga mkono, Makorora yote ingeunga mkono, na mimi ningerudi nyumbani kupika pilau la kamati. Nikamtazama yule mzee na viatu vyake vilivyopangwa vizuri kwenye matope. Nikatafsiri neno kwa neno. Na kofia.

Mzee Omari akawa mweupe, na alikuwa mweupe tangu mwanzo. Akanitazama namna mtu anavyomtazama muuguzi anayeijaza sindano.

Mama ndiye aliyesema kwanza. Akauachia mkono wake.

"Omari! Ulimpiga mtu kofi, na mimi hukuniambia?"

Kisha mvua ikashuka yote kwa pamoja, tukakimbilia ndani ya korona, Wazungu na kamera zao, Rahimu na suti yake. Nilipogeuka, Mzee Yona alikuwa anaondoka taratibu, viatu mkononi.

17 Mei

Mzee Omari hajala. Mtaa umegawanyika. Nusu wanasema kofi ni la zamani, nusu wanasema mama avunje uchumba. Sikujua kama kuna uchumba.

18 Mei

Leo Mzee Omari kawaita Dakta Heike na Rahimu sebuleni kwangu. Mimi nikatafsiri, mama akajialika. Mzee Omari akasimama, akashika kiti.

"Sijawahi kumpiga mtu yule," akasema. "Sijawahi kufika Tanga kabla ya mwezi uliopita. Nilidanganya tangu mwanzo. Vyote."

Nilidhani paa litaanguka. Halikuanguka. Rahimu akamsogelea, akampapasa bega.

"Mzee, usiogope. Kofi ni moja tu. Hayo yanazungumzika, tutatafuta wazee."

"Sikuwepo!"

"Ulikuwepo, Mzee Omari. Baiskeli yako tunaikumbuka."

Akamgeukia Dakta Heike kama mtu anayezama. Dakta alikuwa kakunja mikono.

"Nimesoma vitabu vyako vyote," akasema polepole. "Kumi na nane. Katika kila kimoja kuna baba anayeulizwa ulikuwa wapi wakati wa vita, na kila baba anajibu: sikuwepo. Ulijenga jina lako kwa kuwacheka watu hao. Na leo umeulizwa wewe."

"Lakini mimi kweli sikuwepo!"

"Wote walisema hivyo."

Sijawahi kuona mtu akibanwa na ukweli namna ile. Aliukwepa miaka sitini, siku alipouita ukakataa kuja.

"Ulikuwa wapi basi?" akauliza Dakta Heike.

"Bremen. Ghalani bandarini. Nilikuwa nabeba marobota ya katani. Yalipigwa muhuri TANGA. Niliyanusa. Hicho tu ndicho nilichokijua."

Hakuna aliyeandika chochote. Walipoondoka, mama alibaki kwenye kiti chake akitikisa kichwa.

"Yeye kama hakuwepo, shauri lake," akasema. "Mimi nilikuwepo."

19 Mei

Asubuhi nimegombana na Mzee Omari. Kaniomba niende kwa Dakta Heike nikathibitishe kwamba hakuwahi kufika. Anataka asafishwe.

Nikamwambia: "Miaka yote wakikupa maua ya Pongwe, ulikuwepo. Umeletewa kofi la Pongwe, hukuwepo."

"Lakini ni kweli, Sista!"

"Najua ni kweli. Kamwambie Mzee Yona. Ndiye aliyekuuliza."

Akaniambia anaumwa moyo. Nikampima. Moyo ni mzima kuliko wangu.

21 Mei

Tumekwenda Pongwe, mimi na Mzee Omari, bila kamera. Mvua ya manyunyu. Mzee Yona anaishi na mjukuu wake Blessing, mwalimu, kwenye nyumba ndogo safi yenye kalenda ya kanisa. Blessing akatuletea chai na viazi vitamu, akaenda shule. Mimi nikampa Mzee Yona shikamoo yangu, akaipokea. Kisha Mzee Omari akaanza hotuba aliyoiandaa njia nzima, kwamba yeye siye, kwamba hakuwahi—

Nilikuwa sijamaliza kutafsiri sentensi ya kwanza.

"Najua si yeye," akasema Mzee Yona.

Nikadhani nimesikia vibaya. "Unajua?"

"Yule alikuwa mfupi, na jicho moja lilikuwa bovu. Na alikuwa mtu mzima, si kijana. Mwambie."

Nikamwambia. Mzee Omari akabaki na kikombe hewani.

"Sasa kwa nini ulisema mbele ya watu wote?" nikauliza, maana na mimi sikulala usiku wa siku ile.

"Mama, mimi nimeona kamera nyingi pale korona. Wazungu wanakuja, wanapiga picha mashine, reli, mkonge. Wanauliza mashine ilitoka nchi gani. Hawaulizi watu walitoka wapi. Juzi nasikia wanatafuta mtu anayemkumbuka Mzungu wa zamani. Nikasema, haya, mimi namkumbuka mmoja." Akasogeza sahani ya viazi kwa mgeni. "Yule wangu hakurudi. Kaja huyu, na mwenyewe anasema ndiye. Ukivaa koti la mtu, vaa na chawa wake."

Hilo la chawa lilinipa taabu kwa Kijerumani, lakini lilifika. Mzee Omari akainama. Alipoinua kichwa, hotuba ilikuwa imemwishia.

"Kuna kofi kwenye kitabu changu," akasema. "Sura ya sita. Kijana wangu anampiga kibarua. Nilidhani nabuni. Kisha nikaandika kurasa nne za jinsi kijana alivyoumia roho. Zimesifiwa sana. Zinasomwa mashuleni."

"Na kibarua?" akauliza Mzee Yona. "Aliumia vipi yeye?"

"Sikuandika."

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Sikumpa jina."

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Mzee Yona akanywa chai yake mpaka chini.

"Huyu kipindi kile alikuwa wapi hasa?"

Nikamweleza habari za ghala la Bremen na marobota.

"Alikuwa anayabeba mwenyewe? Begani?"

"Begani."

"Mazito?"

Mzee Omari hakungoja tafsiri nzima. "Sana," akasema kwa Kiswahili. "Sana, sana."

Mzee Yona akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Vizuri," akasema.

Wakakaa hivyo, wakila viazi. Mimi sikuwa na cha kutafsiri. Tulipoaga, Mzee Omari akaomba radhi. Hakuombea kofi la yule mwenye jicho bovu, ambalo si lake kuliombea. Aliombea zile kurasa nne. Mzee Yona akafikiri, akasema radhi ni neno zuri, lakini anataka kitu kikubwa zaidi. Aseme mbele ya kamera kwamba alidanganya, ajulikane nani hakuwepo. Halafu ataje kwa jina aliyekuwepo, baba yake yeye Yona.

22 Mei

Mvua imepungua. Mzee Omari kala sahani mbili za wali na papa.

24 Mei

Kamuonyesha Dakta Heike mahali pote alipokosea: theluji, ngamia, jua, mapenzi ya kwenye mkonge. Safari hii kaaminiwa. La mkonge ndilo lililomshinda nguvu Dakta, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema itabidi avunje sura tatu za kitabu chake aziandike upya, na akaonekana kufurahi kama mtu aliyepewa likizo.

"Watakunyang'anya tuzo," akamwambia.

"Waje wazichukue," akasema Mzee Omari. "Ziko bafuni."

Rahimu hajaridhika. Anasema mtaa hauwezi kubadilisha kumbukumbu kila wiki.

29 Mei

Wamepiga picha leo, Pongwe, pale pale. Kulikuwa na jua. Rahimu kaja bila suti, mama kaja na leso ile ile, maana anasema haina kosa. Mzee Yona akasimama kando ya kamera kama ndiye mwenye mitambo.

Mzee Omari alisema yote kwa Kijerumani bila kushika karatasi: supu, mchapishaji, lile neno fupi. Akasema habari za kofi alilolibuni, na la kweli alilolisikia. Akasema hakuwepo Pongwe mwaka wa hamsini na saba, lakini mtu fulani alikuwepo. Kisha akageukia kamera, akasema kwa sauti:

"Luka Ngumbi."

"Simamisha," akasema Mzee Yona. "Si Ngumbi. Ng'umbi. Kama ng'ombe."

"Ngumbi."

"Ng'ombe. Sema ng'ombe kwanza."

"Ngombe," akasema mshindi wa tuzo zote zile. Wapiga picha wakaanza upya. Akakosea. Wakaanza tena. Watoto waliokuwa wanapita wakasimama kumsaidia, wote pamoja, "Ng'! Ng'! Ng'!" na Makorora nayo ikaingia, Rahimu akipiga makofi kuweka mapigo, mama akimwonyesha kwa kidole jinsi sauti inavyotokea puani. Jasho lilimtiririka yule mzee. Nilitaka kuomba apumzishwe. Yeye mwenyewe akakataa kwa mkono.

Akafumba macho. Akavuta pumzi.

"Luka Ng'umbi," akasema.

Dakta Heike akanitazama, nikaitikia kwa kichwa: ndiyo, ndilo lenyewe.

"Rudia," akasema Mzee Yona.

"Luka Ng'umbi."

"Rudia."

Rahimu akaninong'oneza: "Kakosea tena?"

Mzee Yona alikuwa kasikia. "Hapana," akasema, bila kugeuka. "Kapatia. Nataka kulisikia tu."